Kifaa cha hopsi ulichokiunda mwenyewe kinapokataa kazi: dalili, vyanzo na marekebisho

Mpikaji wa bia ya nyumbani akionja bilauri yake na kukuta harufu ya hopsi ni hafifu, mkono wake hukimbilia kuongeza hopsi katika mapishi yanayofuata. Mimi nami nilikwenda hivyo kwa muda mrefu katika karakana yangu huku Ohio, Marekani, hadi nilipoanza kuvikagua vifaa vyangu badala ya kuvilisha tu. Karibu kila mara hopsi zilikuwa za kutosha. Kilichokosekana ni njia ya maji kuzifikia, au kilichozidi ni njia ya hewa kuifikia bia. Kwa hiyo kila dalili iliyoelezwa hapa inakaguliwa kwa maswali mawili: maji yanapita wapi, na hewa inaingilia wapi.

Maelezo haya yanahusu mapishi ya lita 20 na vifaa ambavyo fundi wa nyumbani mwenye keekee, tupa na subira anaweza kuviunda. Cha kwanza ni kikapu cha wavu kinachoning'inia ndani ya sufuria inayochemka. Cha pili ni chombo cha kupitishia, ambacho hujazwa maua makavu ya hopsi na kuwekwa kati ya sufuria na kipozeo. Cha tatu ni kidondoshi, yaani chumba kidogo chenye valvu kinachokaa juu ya chombo cha kuchachushia, na cha nne ni mrija wa wavu unaozamishwa ndani ya bia iliyokwisha kuchachuka. Kile kikapu cha kwanza wapikaji wa huku hukiita buibui, kwa sababu ya miguu yake mitatu inayoshika ukingo wa sufuria. Mimi nimebaki na jina la kikapu, kwani nilipomwambia dada yangu aliye Tanga kwamba nashinda karakanani nikiunda buibui, alidhani nimegeuka fundi cherehani.

Hopsi ni maua ya kike ya mmea utambaao uitwao Humulus lupulus, na kazi yake ya kwanza katika bia ni ile ambayo gome la msesewe huifanya katika mbege ya Wachaga: kutia uchungu unaosawazisha utamu. Ndani ya ua kuna unga wa manjano wenye utomvu na mafuta. Utomvu una asidi za alfa, ambazo hazitoi uchungu wa maana mpaka zichemke na kubadilika umbo. Mafuta ndiyo yenye harufu, nayo hupaa na mvuke upesi. Kwa sababu hiyo hopsi za uchungu huwekwa mapema na kuchemshwa saa nzima, na hopsi za harufu huwekwa mwishoni au baada ya bia kupoa. Kifaa kinachofaa kwa kazi moja huweza kuwa kikwazo katika nyingine.

Bia haina uchungu wa kutosha ingawa hopsi zilipimwa sawasawa

Kagua kikapu kwanza. Vidonge vya hopsi ni maua yaliyosagwa na kukandamizwa. Vikikutana na maji ya moto hufumuka na kuwa tope la kijani linalovimba mara kadhaa ya ujazo wake wa awali. Ndani ya kikapu chembamba tope hilo hujibandika kwenye wavu, na maji yaliyo humo hugeuka kidimbwi: nje mchemko unavuma, ndani kumetulia. Asidi za alfa hukaa ndani ya kidimbwi hicho badala ya kusambaa katika sufuria nzima. Ikumbukwe kwamba hata sufuria isiyo na kikapu, kwa saa nzima ya kuchemka, huambulia takriban robo hadi theluthi ya asidi zilizomo, kwa hiyo hakuna akiba ya kupoteza.

Uchunguzi wake ni rahisi. Mchemko ukiwa umefika dakika ya 30, tazama ndani ya kikapu kama maji yanapinduka au yamelala. Kisha kinyanyue taratibu mpaka kitoke majini. Kikapu kizima hujimwaga kwa sekunde chache. Kilichoziba hutoka kimejaa kama ndoo, nayo maji hudondoka tone kwa tone huku mkono ukichoka. Ukiona hivyo, usihangaike na hesabu za mapishi, kwa maana tatizo umelishika mkononi.

Tiba ya kweli ni eneo la wavu. Kikapu changu cha kwanza kilikuwa na kipenyo cha sentimita 8 na kina cha sentimita 20, yaani sentimita za mraba 500 hivi za wavu ubavuni. Cha sasa kina kipenyo cha sentimita 15 na kina cha sentimita 30, na ubavu wake ni zaidi ya sentimita za mraba 1,400. Hopsi ni zilezile gramu 100, sufuria ni ileile, lakini sasa mchemko unaonekana ukipita upande hadi upande. Ukubwa wa tundu nao una maana, ila si kwa namna ambayo wengi hudhani. Wavu wenye matundu ya maikroni 400 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na waya wa maikroni 200 una uwazi wa takriban asilimia 44 ya eneo lake. Ukishuka hadi matundu ya maikroni 300 kwa waya uleule, uwazi unabaki asilimia 36. Anayenunua wavu mwembamba ili maji yatoke safi hujikuta amenunua kizibo. Kwa kazi ya sufuriani maikroni 400 zinatosha, na tope dogo linalopenya litatulia chini ya sufuria lenyewe. Wavu wa maikroni 300 uwekwe kwa kazi ya baridi, yaani hopsi zinazowekwa baada ya bia kupoa.

Ikiwa huwezi kuunda kikapu kipya kwa sasa, kinyanyue na kukizamisha kila baada ya dakika kumi kama unavyofanya mfuko wa majani ya chai, au elekeza bomba la pampu limwage maji ndani ya kikapu chenyewe. Kuongeza hopsi kwa asilimia kumi ni shauri la mwisho, tena halifai kikapu kilichokwisha kuziba, kwa kuwa linaongeza tope palepale. Kabla ya yote nusa hopsi zako: zikinuka jibini kuukuu, zimeharibiwa na joto na hewa katika ghala lako, na kikapu hakina hatia.

Bia ina ladha ya chuma au ya sarafu

Dalili hii niliipata kwa bolti tatu. Nilikuwa nimechagua wavu wa chuma cha pua kwa uangalifu wote, kisha nikafungia miguu ya kikapu kwa bolti zilizokuwa zimezagaa katika kopo la misumari, zenye mng'ao wa kijivu uliofanana kabisa na ule wa wavu. Baada ya mapishi mawili mng'ao ulikuwa umeliwa kwenye nyuzi za bolti, na chini yake chuma cheusi kimeanza kutu. Zilikuwa bolti zilizopakwa zinki. Maji ya kimea, yaani hayo yanayochemka sufuriani, yana asidi, kiasi cha pH 5.2 hivi, na zinki haivumilii asidi ya moto.

Sumaku husaidia kutambua, ingawa haitoi hukumu peke yake. Chuma cha kawaida kilichopakwa zinki huvutwa kwa nguvu. Chuma cha pua cha daraja la 304 hakivutwi au huvutwa kidogo tu pale kilipokunjwa. Alumini haivutwi kabisa. Ukibaki na shaka, lizamishe pande hilo katika siki nyeupe usiku kucha: kipande chenye zinki hutoa viputo na kupoteza mng'ao, na chuma cha pua hutoka kama kilivyoingia. Angalia pia maungio, kwa maana lehemu ya zamani ya mafundi wa redio ina risasi na haipaswi kugusa chakula. Kama huna mtu wa kukuchomelea, funga wavu kwa waya wa chuma cha pua, au ukunje ukingo mara mbili na kuupiga nyundo. Wavu wa dirishani wa kuzuia mbu usitumike katika maji yanayochemka hata kama ni mpya, kwani mwingi wake ni nyuzi za kioo zilizovikwa plastiki.

Chombo cha kupitishia kinaziba na pampu inalia

Swali la kwanza ni umejaza nini. Chombo hiki ni cha maua mazima makavu, ambayo hujipanga yenyewe kama kichujio na kuacha njia za maji katikati yake. Aliyeweka vidonge ameweka udongo: vitafumuka, vitajaa kwenye wavu wa chini, na pampu itasukuma mpaka mpira uchomoke. Hakuna marekebisho ya jambo hilo ila kufungua, kuosha na kuanza upya kwa maua.

Kama maua yamo na bado kinaziba, huenda umeyashindilia. Gramu 30 hadi 60 zinatosha lita 20, nazo ziache nafasi ya kuvimba kiasi cha theluthi moja ya chombo. Pitisha kwanza maji kidogo ya moto, ngoja maua yalainike kwa dakika moja, kisha fungua taratibu. Mwendo wa maji udhibitiwe kwa valvu iliyo upande wa kutokea wa pampu. Nimewaona watu wengi wakibana upande wa kuingilia, na hapo ndipo pampu huanza kulia na kutetemeka, kwa kuwa inavuta kuliko inavyopewa, na maji yaliyo karibu na nyuzi 100 huchemka ndani yake.

Mlio huohuo una chanzo kingine kilichofichika. Kibano cha mpira kikilegea upande wa kuingilia wa pampu, maji hayavuji hata tone. Badala yake hewa inavutwa ndani. Fundi huona sakafu kavu na kuridhika. Tumia mpira unaoona ndani, walau kipande cha sentimita 20 kabla ya chombo, nawe utaviona viputo vikipita mfululizo kama shanga. Kaza kibano, au ubadilishe mpira uliokwisha kukakamaa kwa joto.

Kila chombo kipya nakipima kwa maji matupu kabla ya kukiamini. Changu hupitisha lita 20 kwa dakika kumi kikiwa kitupu, na dakika 14 kikiwa na gramu 50 za maua. Siku kilipofika dakika 25 nilifungua na kukuta wavu wa chini umepinda na kulalia tundu la kutokea, hata maji yakabakiwa na upenyo wa ukubwa wa shilingi. Tangu hapo niliweka chini ya wavu koili fupi ya waya mnene, ili usiweze kulala.

Mawili zaidi kuhusu chombo hiki. Kiwekwe kabla ya kipozeo na siyo baada yake, kwani maji yaliyo juu ya nyuzi 75 huyatoa mafuta ya hopsi na kudhoofisha vijidudu vilivyo juu ya maua, na kipozeo kinachofuata huifungia harufu kabla haijapaa. Na kisiwe cha kioo. Chupa ya kuhifadhia matunda hupendeza macho, lakini kioo baridi kikimwagiwa maji ya nyuzi 100 huweza kupasuka, na kikipasuka kikiwa kimeunganishwa na pampu, maji hayo yatakufikia wewe.

Hopsi zinagoma kushuka kutoka katika kidondoshi

Vidonge vya hopsi vina upana wa milimita 6 hivi, na kwa hiyo watu hudhani koki ya inchi moja inatosha. Haitoshi. Vidonge vikishuka pamoja hushikana na kujenga tao juu ya tundu, kama mchele unavyogoma katika faneli. Koo la kidondoshi liwe na upana wa sentimita 5 au zaidi, liwe wima, na lisiwe na ukingo wa ndani. Valvu ya kipepeo hufaa kuliko koki ya mpira wa chuma, kwa kuwa hufunguka karibu upana wote. Sababu ya pili ni unyevu: mvuke kutoka katika bia hupanda, hulowesha vidonge vya chini, na kufikia asubuhi vimekuwa gundi. Pakia kidondoshi siku ileile ya kudondosha. Kikigoma, kigonge ubavuni kwa nyundo ya mpira. Usifungue kifuniko na kuchokoa kwa kijiti, kwa maana utakuwa umeiruhusu hewa ambayo kidondoshi kizima kiliundwa kuizuia.

Wasio na kidondoshi hutumia sumaku mbili: moja hushonwa ndani ya mfuko wa hopsi, nyingine hukaa nje ya ukuta wa chombo na kuushikilia mfuko juu ya bia tangu siku ya kwanza. Ukiiondoa ya nje, mfuko unaanguka. Njia hii ni nzuri na ya gharama ndogo, mradi sumaku ya ndani ifungwe katika plastiki ya chakula iliyonyonywa hewa, kwa kuwa nikeli iliyoivika huliwa na asidi.

Bia imegeuka rangi, na harufu ya hopsi imekufa ndani ya wiki mbili

Kwa maoni yangu hii ndiyo dalili inayosingiziwa mambo mengi kuliko nyingine zote. Bia iliyokuwa na rangi ya asali hugeuka ya chai ya rangi, harufu ya embe na machungwa hutoweka, na mahali pake huingia ladha ya karatasi iliyolowa. Chanzo ni oksijeni, nayo iliingia siku ulipoweka hopsi za baridi.

Hesabu yake inafaa kufanywa mara moja ili mtu asisahau. Lita moja ya hewa ina mililita 210 hivi za oksijeni, ambazo katika joto la nyuzi 20 zina uzito wa miligramu 280. Zikiyeyuka zote katika lita 20 za bia, kila lita inabeba miligramu 14. Kiwanda kinachojali kazi yake hutaka kiasi kilicho chini ya sehemu ya kumi ya miligramu kwa lita. Kwa hiyo kidondoshi cha lita moja kilichojazwa vidonge bila kutolewa hewa kinaweza kuharibu mapishi mazima, na hewa iliyojificha kati ya vidonge huhesabiwa pia.

Wapo wanaoondoa kifuniko, wakapuliza gesi ya kaboni kwa nusu dakika, na kuamini kwamba gesi hiyo, kwa uzito wake, imetandika shuka juu ya bia. Gesi hazikai kwa tabaka namna hiyo. Huchanganyika, hasa ukiwa unamimina hopsi katikati yake. Kinachofanya kazi ni kujaza na kuachia. Funga valvu ya chini, jaza gesi ya kaboni hadi geji isome bar 1, kisha iachie itoke. Kila mzunguko huacha nusu ya hewa iliyokuwamo, kwa sababu geji inaposoma bar 1 shinikizo halisi ndani ni bar 2. Mizunguko minane huacha sehemu moja ya 256, na zile miligramu 280 hubaki kama moja tu. Mizunguko mitatu, ambayo ndiyo wengi huishia, huacha miligramu 35.

Shinikizo hilo linataka chombo cha kulibeba. Bomba la plastiki la mafundi bomba, liwe jeupe au la kijivu, lisijazwe gesi yenye shinikizo hata kama limeandikwa linavumilia maji ya bar kumi. Likipasuka hurusha vipande, kwani gesi iliyobanwa huendelea kusukuma baada ya ukuta kuachia, tofauti na maji. Tumia viungo vya chuma cha pua vya kufunga kwa kibano, na valvu ya usalama iliyopimwa.

Kama ulifanya mizunguko yote na bia bado imebadilika, tafuta uvujaji. Jaza kidondoshi gesi, funga kila kitu, paka maji ya sabuni kwenye maungio, na uiache geji kwa nusu saa. Gasketi iliyokunjwa wakati wa kufunga ndiyo mkosaji wa kawaida. Na ikiwa unaipoza bia kabla ya kuihamisha, angalia kifunga hewa chako, yaani kile kizibo chenye maji kinachoachia gesi ya bia itoke. Gesi iliyo juu ya bia ikishuka kutoka nyuzi 20 hadi 2 husinyaa kwa asilimia 6 hivi, na sehemu nyingine huyeyuka ndani ya bia. Chombo huvuta pumzi, na kupitia kifunga hewa cha maji kinavuta hewa ya chumbani pamoja na maji yenyewe. Unganisha chombo na gesi ya kaboni yenye shinikizo dogo kabla ya kuanza kupoza.

Bia inalipuka kwa povu mara hopsi zinapogusa

Bia iliyomaliza kuchachuka kwenye nyuzi 20, hata ikionekana imetulia, imeshika karibu mililita 850 za gesi katika kila lita. Vidonge ni vikavu na vimejaa vinyweleo, na kila kinyweleo ni mahali pa kiputo kuzaliwa. Nilipomimina gramu 120 kwa mkupuo mmoja, povu lilitoka kabla sijaufikia mfuniko, na alama yake ya kijani iko darini mpaka leo. Kidondoshi kina tiba rahisi: kichwa cha chombo kiwe na shinikizo lililo sawa na la kidondoshi wakati wa kufungua, na gesi iachiwe polepole saa kadhaa baadaye. Asiye na chombo cha shinikizo apoze bia hadi nyuzi 14 hivi, aache nafasi ya lita nne juu yake, na aweke hopsi kwa mafungu madogo. Valvu ya kuachia gesi isipitie kwenye wavu, kwa kuwa tope likipanda na kuuziba, chombo kizima kitabaki bila pa kupumulia.

Chupa zinajaa gesi kupita kiasi, au bia inanuka siagi

Hapa fundi hukisia kwamba valvu yake ilivujisha gesi, au kwamba mrija haukutakaswa. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Hopsi zenyewe zina vimeng'enya vinavyokatakata sukari ndefu ambazo hamira haikuweza kuzila, na hamira iliyobaki huanza kazi upya. Mwaka 1893 wanakemia Waingereza Horace Brown na G. Harris Morris waliliandika jambo hili walipochunguza hopsi zinazowekwa katika mapipa, kisha likasahaulika kwa vizazi kadhaa mpaka wapikaji wa sasa walipoanza kutumia hopsi nyingi za baridi.

Pima uzito wa bia kwa haidromita, chombo kinacholinganisha uzito wake na wa maji (maji ni 1.000), siku ya kuweka hopsi, na upime tena baada ya siku tatu. Ikishuka kutoka 1.014 hadi 1.010, kifaa hakina kosa. Ila ukiijaza chupani kabla haijamaliza kushuka, hatua hizo nne, yaani kutoka 14 hadi 10, zitaongeza takriban lita mbili za gesi kwa kila lita ya bia, juu ya ile unayoitia kwa sukari, na chupa inaweza kupasuka. Harufu ya siagi inatokana na diasetili, ambayo hamira huitoa ikianza tena na kuisafisha ikiachwa katika joto. Pasha sampuli hadi nyuzi 60 kwa dakika 20 katika chupa iliyofungwa, ipoze, unuse. Ikinuka siagi, subiri siku mbili zaidi bila kupoza.

Ladha ya majani mabichi, au hopsi zilizotoka kavu katikati

Mrija wa wavu ulioshindiliwa hutoa matokeo mawili yanayopingana: hopsi za nje hukamuliwa kupita kiasi na kutoa ukakasi wa majani, na za katikati hubaki kavu. Ufungue mrija baada ya kazi na uukate ule mgando kwa kisu. Ukiona unga mkavu ndani, umejua. Jaza theluthi moja tu ya mrija, ufunge uzito wa chuma cha pua chini yake usielee, na uutoe baada ya siku mbili hadi nne.

Chujio la hopsi kati ya pipa na bomba linatoa povu tupu

Kifaa hiki kilibuniwa mwaka 2002 na kiwanda cha Dogfish Head cha Delaware, na wapikaji wa nyumbani hukiiga kwa kopo la kuchujia maji ya kunywa lililojazwa maua ya hopsi. Povu husababishwa na kopo lenye joto na bia iliyoingizwa kwa pupa. Lilaze kopo ndani ya barafu, lijaze gesi kwa shinikizo sawa na la pipa, kisha uruhusu bia iingie polepole kwa kuachia gesi upande wa juu, na usubiri dakika 20 kabla ya kumimina. Soma pia shinikizo ambalo kopo limeandikiwa.

Kifaa kilichofanya kazi vizuri mwaka jana sasa kinaziba kwa hopsi zilezile

Utomvu wa hopsi hauyeyuki kwa maji wala kwa sabuni ya vyombo. Kila mapishi huacha utando mwembamba kuzunguka kila waya, na kwa macho wavu unang'aa kama mpya. Uunyanyue mbele ya dirisha na uulinganishe na kipande cha akiba ulichobakiza ulipokata: ule wa zamani utakuwa na rangi ya kahawia na mwanga mdogo zaidi. Kisha umwagie kikombe cha maji baridi. Wavu safi huyapitisha papo hapo. Wenye utomvu huyashikilia kama kiganja, mpaka uupige kidole. Uloweke usiku kucha katika maji ya moto yenye sodiamu pakaboneti, uusugue kwa brashi ya nailoni, na usiguse dawa ya klorini ya kupaushia nguo, kwa kuwa huchimba vishimo katika chuma cha pua. Yale maganda unayoyakung'uta yasimwagwe uani kama unafuga mbwa. Hopsi ni sumu kwao. Humpandisha mbwa joto la mwili hadi kumuua, na utamu wa kimea uliobaki ndani ya maganda ndio unaomvuta kuyala.